Nenosiri la Mwenyekiti

Ato Mekuria, mwenyekiti wa wazazi, aliingia darasani kwangu Jumamosi asubuhi akiwa amekunja pua. Alikuja kuifunga klabu yangu ya usalama wa mtandao.

"Unawafundisha watoto wetu wizi!" alinguruma mbele ya wazazi wote aliokuja nao.

"Nawafundisha kujilinda, Gashe," nikajibu, nikimwita kwa jina la heshima la mtu mzima. "Weka nenosiri kwenye kompyuta hii ya mazoezi. Watoto wakishindwa kuifungua, naifunga klabu mwenyewe."

Akaandika huku amekinga mkono. "Hili hata mke wangu halijui!"

Bezawit, mwanafunzi wa miaka kumi na miwili, akauliza kwa adabu, "Gashe, karamu ya Mtakatifu Gabrieli kwenu bado ni kila tarehe kumi na tisa?"

"Bado! Mtaa mzima unashiba kwangu!"

Binti akaandika Gabrieli19. Kompyuta ikafunguka.

"Bahati tu, kinda wewe!" Akalibadilisha kwa hasira. Safari hii Bezawit hakuuliza kitu. Mtakatifu wa pili wa nyumba ile alikuwa Mikaeli, na tarehe yake ya kila mwezi, nani asiyeijua Addis Ababa? Akaandika Mikaeli12, ikafunguka tena.

Mkewe, aliyekuwa kati ya wazazi, akashika kichwa. "Wewe mwanaume, na la benki ni lipi?"

Mwenyekiti akatoa simu haraka kulibadilisha. Klabu ikabaki, nami nikampa dawati la mbele, katikati ya watoto wa darasa la tatu.