Magimbi ya Nyuma ya Maabara

Pipa moja tu, lenye mfuniko. Ndilo Mwalimu Salote aliloomba kwa miaka mitatu katika sekondari yao ya mjini Labasa, aweke maji yenye sumu ya shaba na kromiamu yanayobaki baada ya mazoezi ya kemia, maana sinki la maabara lilimwaga maji yake moja kwa moja kwenye shamba la magimbi la shule. Wanafunzi wake aliwazoesha kupima kemikali kwa matone. Walimu wengine waliendelea kujaza vikombe. Na kila alipoomba, Mkuu wa shule, Bwana Viliame, alimjibu kwamba bajeti imebana.

Ilipotangazwa tuzo ya Kemia ya Kijani, ya maabara zisizochafua mazingira, bajeti ikalegea ghafla. Mkuu aliipaka maabara rangi ya kijani, kuta, meza, mpaka mlango wa choo. Thina ya kuyeyushia rangi iliyobaki ikamwagwa wapi? Kwenye sinki, jamani, kwani kwingine kupo? Kisha yakabandikwa mabango kumi na tisa ya kutunza mazingira, yote ya plastiki.

Siku ya wakaguzi wa tuzo, Salote alitoka darasani akakuta wageni wameketi mkekani, mashada ya maua shingoni, na mbele yao magimbi manene yanayofuka mvuke, yametolewa sasa hivi kwenye tanuri la shimoni. Kwao, kumlisha mgeni magimbi ya kununua sokoni ni aibu kubwa. Kwa hiyo Mkuu, bila kumuuliza mtu, alikuwa amechimba ya shule. Salote aliingiwa na hofu. Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki ile ile, na wa kuusaini upya alikuwa Mkuu huyo huyo.

Mkuu alikuwa akijigamba kwamba maabara yake haitupi hata tone, kila kitu kinarudi ardhini. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akamega kipande.

"Mama, usile," Salote alisema. "Hayo matone yamo humo."

Mkuu akacheka, akawaambia wageni kwamba mwalimu huyu ana utani sana, magimbi hayana neno.

"Basi anza wewe, Mkuu," Salote alimwambia.

Mkuu alirudi nyuma hatua moja. Akasema tumbo lake halijatulia tangu asubuhi. Yule mama akarudisha kipande, akajifuta vidole, akaomba aonyeshwe bomba la sinki linakoishia.

Tuzo hawakupata. Pipa lilifika Ijumaa, la kijani, lina mfuniko na jina la Mkuu ubavuni. Salote hakuliona. Mkataba wake uliisha Alhamisi.