Bi Verlene na Watu wa Nyuma

Verlene Stubbs alikuwa na mdomo, na mji mzima wa Toledo, kule Marekani, ulijua hivyo. Alikuwa dereva wa basi la shule kwa miaka mingi, na mtoto aliyethubutu kusimama gari likiwa mwendoni alijuta kuamka siku hiyo. Wote aliwasema kupitia kile kioo kipana cha kutazamia nyuma kilicho juu ya usukani, bila kugeuza shingo. Lakini mama huyuhuyu mweke mbele ya watu wazima wawili, wanyamaze wamtazame. Weee! Ulimi uliganda kama mchuzi wa jana.

Sasa tazama balaa. Akiwa na miaka hamsini na moja, alimaliza masomo katika chuo cha miaka miwili, akaomba kuhamia chuo kikuu ili asomee ualimu. Wakamkubali. Keki ikakatwa, mumewe Dewitt akatokwa na machozi akasingizia vitunguu, na keki yenyewe ilikuwa ya chokoleti. Hata haijaisha, simu ikalia kutoka chuo kikuu. Masomo yako yote tumeyapokea, wakasema, isipokuwa lile la kuzungumza mbele ya watu, maana ulilisomea mtandaoni ukiongea na simu. Njoo uzungumze dakika tano mbele ya walimu wetu. Ukishindwa, nafasi yako tutampa mwingine, nawe utasubiri mwakani.

"Mwakani!" Verlene alifoka. "Wanadhani mwakani nitakuwa bado na meno?"

Wakafanya mazoezi jikoni. Dewitt alijitia uprofesa, miwani puani, mikono kifuani.

"Haya mwanafunzi, tuanze."

"Mimi... mimi naitwa..."

"Lo! Jina lako limekupotea? Mbona langu halikupotei ukitaka kunituma dukani?"

"Usinitolee macho, Dewitt!"

"Niyafumbe? Na huyo profesa naye atayafumba?"

Verlene akampa mgongo, akaanza kusugua sufuria, na hapo ndipo alipompasha: majani ya uani hayajakatwa, viatu vimezagaa sebuleni, na dada yake Dewitt haondoki bila kubeba chakula. Hakumeza hata mate. Dewitt alisikiliza, kidevu mkononi.

"Mke wangu, nenda kawape hayohayo," akasema. "Mbona ukinisema mimi hukwami?"

Verlene hakucheka. Aliogopa kwelikweli.

Siku ikafika. Katika chumba kimoja chuoni walikaa wawili: Profesa Okerlund, mama mwenye mvi na uso usiojua mzaha, na mwalimu kijana aitwaye Pruitt.

"Karibu, Bi Verlene. Tuambie kwa nini unataka kuwa mwalimu."

Alifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Pruitt akaitupia jicho saa ya ukutani.

"Samahani," Verlene akanong'ona, akageukia mlango. Machozi yalikuwa yamefika, na hakutaka yaonekane, hivyo akatoa kikioo cha poda mkobani ajifute. Ndani ya kikioo akawaona: watu wawili, wamekaa nyuma yake kwenye viti. Na yule wa kushoto anafungua chipsi za pakiti.

"Wewe! Funga hiyo pakiti," mdomo ukasema wenyewe. "Hatuli ndani ya basi."

Pruitt akaifunga upesi. Akanyoosha na mgongo.

Mungu wangu, kumbe ni hili tu! Verlene akainua kikioo sawasawa, akatia gia. Aliwasimulia habari za binti mmoja aliyegoma kushuka shuleni kwa sababu hajui kusoma, na jinsi walivyofundishana herufi kwa mabango ya njiani, hata neno la kwanza mtoto alilosoma peke yake likawa "bia," na jinsi mama mzazi alivyokuja juu. Okerlund alicheka mara mbili, kila mara akijifanya anakohoa.

"Vizuri sana," profesa akasema mwishoni. "Ila kanuni inataka msemaji awatazame wasikilizaji."

"Si ninawatazama! Wewe umecheka mara mbili ukaficha."

"Geuka, mama. Sentensi moja tu."

Verlene akageuka. Macho yalikuwa palepale, manne, yanamngoja. Akakifunga kikioo, akakirudisha mkobani.

"Miaka yote nawafikisha watoto mlangoni pa shule," akasema polepole. "Wao wanashuka, mimi nageuza gari. Nimechoka kugeuza. Na mimi nataka kushuka."

Hakuna aliyekohoa. Okerlund akachukua kalamu, akatia sahihi fomu ya kumpokea, kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Shuka basi, Bi Verlene," akasema. "Ila angalia ngazi."

Verlene akalia palepale mbele yao, wala hakukitafuta kikioo.