Kazi Yenye Jina la Baba Mkwe

Pale chuoni kwetu Garsen kulikuwa na neno moja nisiloweza kulisema, na mwalimu alilitumia kila siku. Neno hilo ni kunoa.

Mimi ni Muorma, na kwetu mwanamke halitamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalolibeba jina hilo ndani yake. Nilichumbiwa na Dadacha mwaka uliofuata mafuriko ya El Niño, na baba yake Dadacha anaitwa Kuno. Nikiandika si kitu, kalamu haina mdomo. Lakini katika karakana, penye patasi na misumeno na biti za drili zinazopoteza makali kila saa, utaishi vipi bila kunoa?

Shule niliiachia darasa la tano. Mafuriko yalipoharibu mashine za maji za mashambani, chuo kilitangaza kwamba kinachukua vijana wa kujifunza ufundi wa mitambo, asubuhi darasani na mchana karakanani, na cheti cha msingi si lazima. Nilikwenda kujiandikisha nimejifunika mtandio mpaka puani, nikataja jina langu, Bishara, kwa sauti ndogo hata karani akadhani nimekuja kuuza maziwa. Mzee Kuno hakukataa. Alimtuma Dadacha aniambie nisome mpaka mtihani wa mwaka wa kwanza. Nikipita, harusi ingoje nimalize. Nikianguka, basi, nirudi nikajenge nyumba yangu kama wasichana wengine.

Nyumba ningeijenga, sikuichukia. Ila nilitaka kumaliza kwanza. Siku niliyokata nyuzi za bolti yangu ya kwanza, nati ikaingia kwa kidole tu, laini, ikazunguka mpaka chini, nilicheka kwa sauti mbele ya wavulana wote. Sikuwahi kucheka hivyo mbele ya watu. Nilitaka siku nyingi za namna ile.

Kwa hiyo neno lile nililizunguka. Nilisema kutia makali. Mwalimu Katana, Mgiriama mpole mwenye madoa ya grisi hata kwenye kofia, alinisifu kwamba Kiswahili changu kimekomaa. Rafiki yangu Kanze, kutoka Tarasaa, ndiye aliyejua sababu, na hakuniacha nipumue. Aliniletea patasi butu akaniuliza nimpendekezee tuifanyeje. Alinipa nanasi akitaka nimwambie kisu kimefanywa nini hata kikate hivyo. Baada ya miezi michache darasa zima lilikuwa linasema kutia makali, hata wavulana, bila kujua wamelitoa wapi.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka Mombasa, mwanamume mrefu, shati jeupe ajabu kwa mahali kama pale. Tulipanga mstari, kila mmoja akiitwa mbele ya wenzake. Zamu yangu ilipofika nilishika chuma. Nilipima, nikakata, nikatoboa. Akanipa biti butu. Nikavaa miwani ya kukinga macho, nikawasha mashine ya jiwe la kutilia makali, cheche zikaruka, nikamrudishia biti inayong'aa ncha. Aliigusa kwa ukucha, akaridhika.

"Sasa niambie, binti. Kazi uliyofanya hapa inaitwaje?"

"Kutia makali."

Alitikisa kichwa. Alisema makali ndiyo yanayopatikana, yeye anataka jina la kazi kama lilivyofundishwa, kwa sababu hapa wanasoma Wapokomo, Waorma, Wasomali na Wagiriama, na kesho kwenye mashine ya maji msimamizi akitoa amri, wote waisikie sawa. Jina moja, alisema. Bila hilo alama za mdomo hakuna, na bila alama za mdomo hakuna kupita.

Nilimwona Mwalimu Katana akinitazama kama mtu aliyeona ndoo yake inaanguka kisimani. Nilijua nikilisema, habari itafika nyumbani kabla yangu. Nisiposema, nitaanguka, na habari nitaipeleka nyumbani mwenyewe.

"Hulijui?" mtahini aliuliza.

"Nalijua."

"Basi sema."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Niliangalia viatu vyake, nikasema, "Ni jina la baba mkwe wangu, halafu uongeze a."

Alibaki kalamu juu. Akauliza baba mkwe wangu anaitwa nani. Nikamwambia, hilo ndilo swali ambalo siwezi kulijibu. Hapo Kanze akashindwa kujizuia, akasema kutoka nyuma, "Kuno, mwalimu. Mzee anaitwa Kuno." Mtahini akalisema jina polepole, akaongeza a, akalisikia. Kicheko kilichotoka pale kilipiga mabati. Hata yeye alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono, na shati lake jeupe likapata grisi. Akaniandikia alama.

Nilikuwa nimepita. Lakini sikufurahi bado. Nilikuwa nimelitupa jina la mzee mbele ya darasa zima wakalichezea, na mchana ule ule kisa kilikuwa kimeshafika soko la ng'ombe. Kanze aliniomba msamaha nusu akilia, nusu akicheka. Nilimwambia aache yote mawili anisaidie kufagia chembe za chuma.

Ijumaa baada ya swala, Mzee Kuno akaja mwenyewe. Nilijifunika, nikasimama pembeni nikitazama chini. Alimsalimia Mwalimu Katana kwa muda mrefu, kama desturi, akaulizia mvua, mifugo na watoto wake. Kisha akafungua gunia. Ndani mlikuwa na visu, shoka na mapanga ya boma zima.

"Nasikia hapa kuna kazi iliyopewa jina langu," alisema. "Nimekuja kuiona."

Nikachukua kisu cha kwanza. Mwalimu alimvalisha mzee miwani ya karakana, kubwa, yenye mpira kichwani. Cheche ziliporuka aliruka nazo, kisha akasogea karibu zaidi. Kila nilipomaliza kimoja alikijaribu kwenye nywele za mkono wake, akanguruma kwa kuridhika, akanipa kingine.

Gunia lilipokwisha alinisemesha kwa Kiorma, kwa upole. "Nyumbani kulificha jina langu ni rahisi, hakuna anayelitaka. Wewe umelificha mahali linapoitwa kutwa." Akageukia mwalimu, akarudi kwenye Kiswahili. "Harusi ingoje. Amalize."

Nikainama kumshukuru. Kanze alinibana mkono mpaka ukauma. Mzee akabeba gunia lake, akapita katikati ya wanafunzi akipokea salamu kama bwana harusi, na miwani ya chuo bado usoni. Mwalimu Katana alilazimika kumkimbilia mpaka langoni.