Dumu la Maji Kando ya Ziwa

Wazazi wenzangu wa Ibaba, na ninyi wa mabonde ya jirani mnaojivunia vijana wenye simu za kupangusa, nawaandikia haya kabla mtoto wenu hajaja kuwaaga akiwa amevaa fulana mpya.

Vijana wa kwaya yetu waliamua kwenda kutembea kando ya Ziwa Rukwa. Kutembea, nasema. Si kwenda msibani, si kwenda mnadani kununua ng'ombe. Kutembea tu kutwa nzima, basi. Huku kwetu mtu anapanda mlima kuchimba viazi na kushuka na kiroba kichwani, na sijaona aliyepigiwa makofi. Lakini Lucky, mtoto wa mzee Gwakisa, alikuwa ametoka chuoni Mbeya, na amesoma kwenye simu yake kwamba kuna matembezi ya wastani yanayojenga afya. Wastani! Alilirudia neno hilo mpaka nikaona aibu kwa niaba ya baba yake.

Kikao kilikaa sebuleni kwangu, maana binti yangu Tupokigwe alikuwa katibu wao. Huyo ndiye mtoto niliyebaki naye. Nikaketi mlangoni na ungo wangu wa maharage, nikijifanya nachambua.

Wakapanga fulana za njano. Wakapanga spika ya muziki, na nani ataichaji. Wakabishania rangi ya maandishi ya mgongoni mpaka chai yangu ikapoa vikombeni.

"Na maji?" nikauliza.

Wakacheka, hata mwanangu.

"Mama Tupo, tunakwenda ziwani," akasema Lucky, taratibu, kama anayemwongelesha kiziwi. "Maji tutakuwa tunayaona asubuhi mpaka jioni."

"Kuyaona sijauliza. Nimeuliza ya kunywa."

Sikuwashangaa sana. Milimani kwetu hakuna anayebeba maji safarini. Kila bonde lina kijito. Unainama, unakinga kiganja, unaendelea na safari. Ukionekana na chupa njiani utaulizwa unampelekea mgonjwa gani. Kijana aliyekulia hivyo akisikia ziwa, anadhani ni kijito kilichonenepa.

Sasa mdogo wangu Enesi ameolewa bondeni, Kamsamba, karibu na ziwa hilo, na kila akija kunitembelea hunywa maji yetu kama mtu aliyetoka kifungoni. Nikampigia simu. Akanichotea chupa ya maji ya ziwa, akampa kondakta, kondakta akanifikishia. Kikao kilichofuata niliwamiminia wageni wangu vikombeni, kwa heshima zote.

Lucky alipiga funda moja, akalitema kwenye kitambaa changu cha kochi.

"Mama! Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu. Ndiyo maji yako ya wastani hayo."

Anyelwisye, mpiga kinanda, akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. "Yana chumvi. Na harufu ya tope."

"Yameoza njiani," akasema Lucky. "Chupa imekaa kwenye joto la basi. Yakichotwa papo hapo hayawezi kuwa hivi. Na tusitishane, jamani. Wazee wetu wanaogopa kila kitu."

Mnaona? Ameonja, ametema, kitambaa changu kimelowa, na bado anabisha. Mtu wa namna hiyo ndiye kiongozi wa msafara, na nyuma yake mwanangu.

Walipoondoka nilimwambia Tupokigwe asiende nao ziwani. Akakataa. Nikamwambia basi atabeba dumu. Akalia, eti atachekwa. "Watasema mama yangu amenifanya muuza maji."

"Waseme. Aliyekauka hasemi kitu."

Akabeba. Na walimcheka kweli. Walipokuwa wanapanda gari nilimsikia Lucky akimwita, "We muuza maji, bei gani?" Nikarudi ndani nikampigia Enesi tena. Nilimwambia mumewe, shemeji Amoni, awafuate na pikipiki jua likiwa utosini, na madumu yamefungwa nyuma, hata kama nitaonekana kichaa.

Amoni ndiye aliyenisimulia. Aliwakuta mbali na kijiji chochote, chini ya mgunga usio na kivuli cha kutosha hata mbuzi. Ziwa lilikuwa pale pale, linang'aa, na kati yao na maji yenyewe palikuwa na tope ambalo mmoja wao ameshazama mpaka magotini. Anyelwisye alikuwa ameyafikia, akayanywa, akayatapika. Lucky amelala chali na fulana yake ya njano, macho ameyafumba. Mwanangu ameketi pembeni, dumu tupu mapajani, midomo imepasuka. Na spika, kwa sababu ilichajiwa vizuri, ilikuwa bado inaimba.

Tupokigwe aliporudi nyumbani nilimpaka mafuta midomoni.

"Ulikunywa kiasi gani, mwanangu?"

"Nilionja tu, mama. Lucky alikuwa anaona kizunguzungu."

Sikia hiyo. Nilimbebesha maji ya kumtosha yeye, akaenda kumnywesha aliyemcheka. Ndiyo maana nawaonya, wenzangu: mtoto mwenye akili ukimpeleka na wajinga, maji yake ni yao.

Haukupita muda mrefu, Lucky akaja. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Akaketi kwenye kochi langu, akatoa simu.

"Shikamoo, mama. Tupo yupo? Tunapanga nyingine, Ziwa Nyasa, huko Kyela. Nimesoma kule maji ni matamu kabisa, mtu anakunywa tu. Safari hii hakuna sababu ya kubeba."

Nikafungua mdomo nimpe yake, lakini Tupokigwe alikuwa ameshatoka chumbani. Akapita jikoni. Nikasikia maji yakimiminika kwa muda mrefu. Akarudi na lile dumu limejaa mpaka shingoni, akaliweka mapajani mwa Lucky, simu ikabanwa chini yake.

"Zunguka nalo mpaka kanisani na kurudi," akamwambia. "Ukilifikisha bila kulitua, nitakuja kwenye kikao."

Lucky alilitua kwenye ngazi za mlango wangu. Dumu nimelirudisha ndani.