Lulu za Pweza

Saa tisa u nusu alasiri Shariffa alivua mtandio ili atawadhe, akaweka pini zake kando ya karai. Zilikuwa mbili. Asubuhi alikuwa ameubana kwa pini tatu, mbili chini ya kidevu na moja begani.

Alizitazama kwa muda. Kisha akakumbuka ilipo ya tatu.

Keki ilikuwa ya ghorofa tatu. Suhaila wa Ganjoni aliiagiza kwa ajili ya bintiye Bayan, aliyekuwa akitimiza miaka sita, na Bayan alitaka pweza anayekunywa chai. Basi pweza alikaa juu kabisa, mikono yake minane ikiteremka hadi chini, kila mmoja umeshika kikombe cha sukari. Kila ghorofa ilizungushiwa lulu za sukari, nyeupe, kubwa kiasi cha punje ya pilipili manga.

Katika chumba chake cha kazi Ndia Kuu, Shariffa alikuwa na kanuni mbili. Kijiti cha meno hakiingii katika keki ya mtoto. Vikombe na mikono hushikiliwa kwa vipande vya tambi kavu, ambavyo mtoto akivitafuna havimdhuru. Na pini ya kutobolea viputo vya hewa chini ya utando wa sukari ina kichwa chekundu, iko moja tu, na Kadzo, msaidizi wake, huikagua asubuhi na jioni.

Leo utando wa ghorofa ya juu ulipotoa kiputo, pini nyekundu ilikuwa ng'ambo ya meza. Shariffa alichomoa ile ya begani, akatoboa kiputo, akaichomeka kwenye keki ili mikono yote miwili ilainishe utando. Kichwa cha pini hiyo kilikuwa lulu nyeupe. Nusu saa baadaye Kadzo alizungusha lulu za sukari.

Keki ilipelekwa saa saba. Ingekatwa baada ya sala ya Alasiri.

Alimpigia Suhaila mara nne. Hakupokea. Alimwita Kadzo, wakapanda tuktuk.

"Pengine imeanguka sakafuni, da Shariffa," Kadzo alisema.

"Sakafu umeifagia wewe. Uliiona?"

"La."

"Basi haikuanguka."

Mlango wa nyumba ya Suhaila ulikuwa wazi. Watoto kama ishirini walikuwa wameizunguka meza, na Suhaila alikuwa amemshikisha Bayan kisu chenye utepe.

"Usikate," Shariffa alisema kutoka mlangoni.

Hakutoa salamu. Bi Mejumaa, bibi yake Bayan, alilitaja hilo kabla ya jengine lolote. "Mtu yuwaingia nyumba ya watu kama mwizi wa kuku. Kuna nini?"

"Kuna pini ndani ya keki. Ni yangu."

Suhaila alikitwaa kisu mkononi mwa mtoto, akakiweka juu ya kabati, mbali.

Shariffa alianza juu. Lulu ya sukari ikibinywa huvunjika. Ya pini haivunjiki. Aliibinya kila moja kwa vidole viwili, akaiweka sahanini, akahesabu.

"Keki yetu twajua kuila wenyewe," Bi Mejumaa alisema, "sasa mpishi wake amekuja kutunyonyolea kama kuku."

"Pweza atalia?" Bayan aliuliza.

"Pweza hana habari," Kadzo alimjibu. "Yuwanywa chai yake."

Lulu ya thelathini na moja haikuvunjika. Shariffa aliivuta, na chuma cha urefu wa kidole cha mtoto kikatoka polepole. Ilikuwa imechomekwa upande wa mbele, chini ya jina la Bayan, mahali ambapo kisu kingepita kutoa kipande chake.

Suhaila aliketi juu ya kiti cha plastiki cha mtoto.

"Alhamdulillahi," Bi Mejumaa alisema. "Ishatoka. Haya, leteni sahani."

Shariffa alikuwa ameshahamia ghorofa ya pili.

"Si umeipata, mwanangu?"

"Nimeipata niliyoikumbuka."

Ghorofa ya pili ilikuwa salama. Kwenye ghorofa ya chini, nyuma, karibu na kikombe cha mwisho, vidole vyake vilibinya lulu isiyovunjika. Alibinya tena. Akaivuta.

Pini hii kichwa chake kilikuwa cha rangi ya maziwa, si cheupe. Ghorofa ya chini aliifunika Alhamisi, na Alhamisi alivaa mtandio wa rangi ya maziwa. Alijaribu kukumbuka kuichomeka. Hakukumbuka chochote.

"Kadzo," alisema, "Alhamisi nilikuuliza kuhusu pini?"

"Hukuniuliza."

Alimaliza kubinya lulu zote, mia mbili na kumi, kisha akatoboatoboa keki nzima kwa ufito mwembamba. Hapakuwa na nyengine. Watoto waliila keki iliyochakazwa na hawakulalamika.

Nyumbani alifungua kibweta cha pini. Tangu Ramadhani alikuwa amenunua pakiti tatu za pini thelathini thelathini. Zilizobaki, pamoja na mbili za karaini na mbili za Ganjoni, zilikuwa kumi na tisa. Pini za mtandio hupotea. Kila mwanamke wa Mji wa Kale anazipoteza, na hakuna anayeuliza ziendako. Yeye pia hakuwa ameuliza.

Alichukua daftari la maagizo. Keki arubaini na moja tangu Ramadhani. Alianza na ya mwisho kabla ya Bayan, ya Jared, mtoto wa Nyevu, miaka mitatu, akapiga simu.

"Da Shariffa," Nyevu alisema, "keki ilisifiwa na kila mtu."

"Nyevu, mliona pini kwenye keki? Ya lulu."

"Kumbe yako? Kwetu hakuna avaaye mtandio, tukasema ni ya jirani, imemdondoka."

"Ilikuwa wapi?"

"Sahanini kwa Jared." Kisha akaongeza, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona: "Aliitema."