Urefu wa Dada

Fundi miwani alimwacha dada yake sebuleni akipaka rangi dari, akatoka mara moja kwenda kununua televisheni. Dada alikuwa amesimama sakafuni, rola mkononi, nyayo zote chini. Maishani mwake hakuwahi kutumia ngazi. Kwa urefu wake, wapaka rangi wenzake walimwita Mlingoti, na wenye nyumba walimgombania kwa sababu alimaliza dari bila kuburuza kitu wala kukwaruza ukuta. Fundi miwani aliporudi na boksi begani, alimkuta bado anapaka, ila sasa amechuchumia.

"Dari yenu imepanda?" dada aliuliza.

"Sidhani."

"Basi mimi nimeshuka," akasema, akachovya rola kwenye rangi, akaendelea na kazi.

Fundi miwani aliifungua ile televisheni polepole, mgongo wake umemwelekea dada. Alikuwa ameilipia kwa kadi ya mkopo, na si ile kadi ambayo dada aliijua.

Ile aliyoijua ilikuwa ya kijani. Dada mwenyewe alikwenda naye benki kumdhamini. "Ni kusaini tu, dada, jambo la kawaida," alimwambia, na dada akasaini bila kusoma, amejikunja kwenye kaunta kama mtu anayefunga kamba za viatu. Hakuwa na sababu ya kusoma. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akashika brashi ili mdogo wake asome, na tangu hapo alikuwa akisaini kila karatasi iliyomhusu. Kwa hiyo kadi ya kijani ilipojaa, fundi miwani hakuona haja ya kumsumbua tena. Nakala ya kitambulisho chake alikuwa nayo. Saini yake aliijua tangu alipokuwa akiiona kwenye ripoti zake za shule, ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu, na mikono yake, iliyozoea kusaga lenzi, iliuiga mkia huo bila kukosea.

Hivyo ikaja kadi ya buluu. Kisha nyekundu, ya kuilipa ya buluu. Kisha nyeusi, ambayo ilikuwa ije izilipe zote tatu imalize mchezo, lakini siku ileile alipoipata aliwapeleka wenzake wa dukani kula, akawazuia wasiguse pochi zao, na walipomshangilia alijisikia mtu. Kadi hizo hazikukaa pamoja. Ya kijani ilikaa kwenye pochi, ya buluu kwenye kasha la miwani, nyekundu chini ya soksi kabatini, nyeusi nyuma ya kava la simu. Moja ilidai kabla ya mshahara, nyingine ilidai mshahara ukiwa njiani, na zilizobaki zilidai mshahara ukiwa umeshaondoka. Alizikopesha zenyewe kwa zenyewe, akajiona hodari.

Na dada akawa anapungua. Hakukonda, hapana, alipungua tu kwenda chini, mzima mzima, kila kitu kwa uwiano wake. Wifi yake ndiye aliyemkunjia pindo za suruali ya kazi, akazishona.

"Wifi, mbona kila ukija unazidi kuwa mfupi?" aliuliza, pini mdomoni.

"Uzee."

"Uzee gani huo wenye haraka?" akasema mke wa fundi miwani, akakata uzi.

Dada alinunua ngazi. Wenye nyumba waliendelea kumwita, ila sasa walilalamika kwamba ngazi inakwaruza sakafu, na malipo wakayapunguza.

Fundi miwani alijua. Alipojinunulia viatu vya ngozi, jioni hiyohiyo dada alimpigia simu kusema komeo la dirisha lake limemshinda kulifikia. Alipomnunulia mkewe mkufu wa sikukuu ya ndoa, dada alianza kukalia mto mezani. Hakuvivaa vile viatu zaidi ya mara mbili. Vilimbana, si vidoleni, sehemu nyingine. Akaacha kwenda kumwona. Alituma salamu kupitia binti yake, na binti alirudi na salamu za shangazi pamoja na vipimo: sasa tunalingana mabega, sasa ananiomba mimi nimshushie sufuria.

Mwezi mmoja alijikaza. Hakugusa kadi hata moja, alikwenda kazini kwa miguu, akala alichobeba kutoka nyumbani. Dada akaendelea kupungua, kidogokidogo, usingizini, maana riba haihitaji mtu anunue kitu. Mwezi uliofuata alichukua vibarua vya jioni, akasaga lenzi mpaka vidole vikachubuka, akaipunguza ya kijani kwa kiasi cha maana. Simu ikalia.

"Mdogo wangu! Leo nimeshika komeo!" Dada alikuwa anacheka. "Nimefungua dirisha, nimefunga, nimefungua tena. Majirani wanadhani nimerukwa na akili."

Fundi miwani alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Kwa furaha hiyo aliichukua familia yake kwenda kula nje, na bili ilipokuja akatoa kadi nyeusi. Alikumbuka alipokwisha kubonyeza namba ya siri. Kesho yake dada hakupiga simu.

Baada ya hapo ndipo dada alipoanguka. Alikuwa juu kabisa ya ngazi, akijinyoosha kuifikia kona ya dari, na bila shaka wakati huohuo mahali fulani mashine ilikuwa inasoma kadi. Kona ikamkimbia. Alitua juu ya mkono wake na kopo la rangi likamtua mgongoni.

Fundi miwani alimpeleka kwa daktari. Daktari alimfunga mkono, kisha akamsimamisha ukutani, akampima kimo kwa penseli.

"Mama, kuna mtu umemdhamini?"

"Mdogo wangu huyu. Kadi moja."

Daktari aliitazama alama ya penseli, akamtazama dada, akaitazama tena alama. "Kadi moja haiwezi kumla mtu hivi. Hizi ni tatu, au nne."

"Ni moja, daktari. Mdogo wangu ningemjua."

Fundi miwani alikuwa amekaa kitini, amebeba mkoba wa dada. Ulikuwa wakati mzuri wa kusema. Aliufungua mdomo, akauliza kama mkono utachukua muda mrefu kupona.

"Mkono utapona," alisema daktari. "Hilo lingine si la hospitali. Nendeni benki."

Njia nzima dada alikazania jambo moja: benki wamekosea, na lazima walisafishe jina la mdogo wake. Pale benki palikuwa na foleni. Mwanamke mmoja alikuwa amempakata mjomba wake, akimpepea kwa karatasi. Mzee mwingine alikuwa ameshikwa mkono na mkwewe, anatembea haraka ili asiachwe, kofia imemzama hadi machoni. Kwa ajili ya wadhamini waliweka viti vya chini, safi, vya rangi za kupendeza.

Karani alikuwa mpole. Alitoa utepe wa kupimia kutoka droo, akampima dada, akaandika, akaangalia kompyuta yake.

"Kadi nne," alisema. "Vipimo vinalingana kabisa, hakuna kosa."

Dada aliutazama ule utepe.

"Tena hongereni. Mnalipa kile kiwango cha chini kila mwezi bila kukosa. Wateja kama ninyi ndio tunaowapenda. Kikomo kinakwenda na urefu wa mdhamini, na mama bado ana nafasi nzuri tu. Mkitaka, nawaongezea hapahapa."

"Hapana," alisema fundi miwani.

"Hamna haraka. Ofa ipo wakati wote."

Nje kulikuwa na benchi. Fundi miwani alimnyanyua dada akamkalisha, kisha akakaa, kisha akaona aibu kukaa, akasimama. Watu walipita na shughuli zao.

"Dada," alisema. "Nilitaka kukwambia."

"Nilijua," dada alisema. "Tangu ya pili. Mtu hupunguzwa akose kujua?"

"Sasa mbona kwa daktari..."

"Nilikuwa nakungojea wewe useme."

Dada alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe, ambayo haikuifikia ardhi.

"Ulinunua nini?" aliuliza.

"Eh?"

"Kwa huu urefu. Nataka tu kujua ulikwenda wapi."

Fundi miwani alianza kuhesabu. Friji. Televisheni. Viatu. Mkufu. Chakula, mara nyingi chakula. Akasita. Kulikuwa na kitu cha ile kadi nyekundu, kitu kikubwa, kiasi cha kuanzia bega la dada hadi kiunoni, na alijitahidi kukumbuka mpaka jasho likamtoka, lakini hakikuja. Hakujua kama ni nguo au ni safari au ni kulipa tu deni la kitu kingine ambacho nacho hakukikumbuka.

"Basi," dada alisema. "Usijitese. Nishushe twende."

Kazi ya dari iliisha. Dada alihamia kwa mdogo wake, akapewa kitanda alichokiacha binti alipokua. Hakuna aliyegombana. Mke wa fundi miwani aliushusha msumari wa taulo bafuni, akanunua kikombe kidogo. Fundi miwani alilipa kiwango cha chini kila mwezi, na kila mwezi kiliishia kwenye riba, na dada alibaki vilevile, siku nyingine pungufu kidogo. Kila asubuhi fundi miwani alipompa mkono kumwamkia, aliinama mapema sana, tangu mlangoni.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, binti alihitaji viatu, sare na mkoba. Walikwenda wote dukani, na fundi miwani alimweka dada juu ya kaunta asije akakanyagwa. Muuzaji alijumlisha, akataja bei. Fundi miwani alitoa noti zake, akazipanga, akazipanga tena. Muuzaji akaisogeza mashine karibu, bila kuuliza. Binti alikuwa ameshavaa viatu vyake, anajitazama kwenye kioo.

Fundi miwani alishika simu yake, kidole gumba juu ya kava. Hakumtazama dada. Alitazama mashine.

"Ngoja kwanza," alisema dada. Alikuwa amesimama. Akajishikilia kwenye ukingo wa kaunta, akakaa chini, akatafuta mahali pa kuegemea mgongo, akajiweka sawa.

"Haya," akasema. "Bonyeza."

Akaichomoa kadi nyeusi, akabonyeza. Mashine ilifikiri kidogo, ikakubali.