Ujumbe wa Wazee kwa Daktari Aluoch

Kijijini Boito kuna desturi isiyovunjwa: jambo zito halipelekwi na mtu mmoja. Ukitaka kuoa, unatanguliza wazee. Ukitaka kupatana na jirani mliyegombana naye juu ya mpaka, unatanguliza wazee. Basi Mzee Aron Kimeli alipoamua kwamba mjukuu wake Chelangat lazima atibiwe, hakuwaza mara mbili. Alitanguliza wazee.

Chelangat alizaliwa jioni, akaitwa Kiplangat kama mvulana yeyote wa jioni. Alipokua aliiambia nyumba nzima kwamba yeye ni msichana, aitwe Chelangat, jina la msichana wa jioni. Machozi yalimwagika, maombi yakaombwa, mwishowe nyumba ikazoea. "Jioni ni ileile," alisema bibi yake, Kogo Rodah, na hapo ubishi ukaisha.

Ubishi wa hospitali ndio haukuisha. Kila alipokwenda kuomba dawa za homoni, zile za kuusaidia mwili ufanane na yeye mwenyewe, Chelangat alionyeshwa mlango wa wagonjwa wa akili. Daktari wa mwisho alimwambia akapone kichwa kwanza. Akarudi nyumbani, akajitwika kikapu cha kuchumia chai, akaanza kununua vidonge vya homoni kwa wachuuzi, bila kupimwa damu wala kuulizwa lolote. Hilo ndilo lililomnyima Mzee Aron usingizi.

Waliposikia kwamba daktari mpya, Beldina Aluoch, amefungua kliniki Kericho, babu alimbembeleza wiki nzima.

"Nitaenda mara hii tu, Kugo," Chelangat alisema. "Wakinionyesha ule mlango tena, sitakanyaga hospitali maisha yangu yote."

Kwa hiyo asubuhi hiyo pikapu ya jirani yao Obiero, mstaafu wa kiwanda cha chai, iliwashusha wote wanne mbele ya kliniki. Kogo Rodah alibeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kwa maana huendi kuomba mikono mitupu. Mzee Aron alivaa tai. Kichwani alikuwa na hotuba aliyoikariri, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza alichokipata kwa jasho katika darasa la gumbaru, la watu wazima.

Daktari Aluoch alitoka, akakitazama kibuyu, akawatazama wao.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

Mzee Aron alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Daktari, hatukuleta mgonjwa. Tumekuja kwa heshima kuomba..."

"Kuomba mchumba? Mzee wangu, mmechelewa. Mimi nimeolewa."

Obiero alicheka hadi akashika mbavu. "Huyu ni Mjaluo wa kwetu ziwani kabisa! Aron, ongea, usitetemeke."

"Mjukuu wangu Chelangat, anayetaka dawa za homoni awe msichana kamili, hana wazimu," Mzee Aron aliendelea, shingo imesimama. "Shahidi wa kwanza ni mimi niliyemlea. Shahidi wa pili ni mke wangu, ambaye husomewa Biblia na mtoto huyu kila Jumapili. Na Bwana Obiero..."

"Mimi wazimu naujua vizuri," Obiero alidakia. "Nimekaa jirani na Aron miaka yote hii."

Daktari aliinua mkono. "Ngojeni kidogo, wazazi wangu. Nani aliwaambia nahitaji mashahidi?"

Chelangat alikuwa ameinamisha uso, vidole vyake vikiisokota leso.

"Zamani," daktari alisema, "jambo hili liliwekwa pamoja na maradhi ya akili. Shirika la Afya Duniani limekiandika upya kitabu chake cha maradhi na kuliondoa huko. Sasa liko kwenye sura ya afya ya kijinsia. Huyu si mgonjwa wa akili. Hakuna cha kutetea."

Mzee Aron hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna. "Kama si ugonjwa, mbona hawakulifuta kabisa?"

"Mzee, mimba ni ugonjwa?"

"Hapana!" alijibu Kogo Rodah, aliyezaa wanane.

"Na kliniki ulienda?"

"Nilienda. Nilipimwa kila mara."

"Basi ni hivyo. Limeachwa kitabuni ili mtu ahudumiwe, asifukuzwe."

"Na wale waliomfukuza?" Obiero aliuliza.

"Habari njema hutembea kwa miguu, Mzee. Kwingine haijafika."

Mzee Aron alikaa. Furaha ilimjaa kifuani, ingawa ndani yake palikuwa na kidonda kidogo. "Lakini sehemu ya Kiingereza ya hotuba yangu bado," alinong'ona.

"Chelangat!" daktari aliita.

Wazee wote watatu wakasimama.

"Kaeni, jameni," Chelangat alisema. "Ni mimi nimeitwa."

Akaingia. Kupitia mlangoni walimsikia daktari akiwalaani wachuuzi wa vidonge, kisha kicheko cha watu wawili. Kogo Rodah alimfinya mumewe goti.

Alipotoka, Chelangat alikuwa amebana pamba mkononi pale alipotolewa damu.

"Ameniuliza kama nalala vizuri, Kugo. Ameniuliza nakula nini. Majibu ya damu yakiwa mazuri ananianzishia dawa, na atakuwa ananipima mwenyewe."

"Kwa hiyo utarudi?"

"Alhamisi ijayo. Lakini nitakuja peke yangu."

"Peke yako?" Mzee Aron alishtuka. "Watu watasema huna kwenu!"

Kogo Rodah, aliyesikia tu kwamba mjukuu atarudi, hakungoja jibu. Alipiga vigelegele hadi nesi akaja mbio kuuliza ni nani amejifungua.